Mfurundu, LUKU na vitumbua: ninavyofundisha watoto kusoma na kuandika mambo ya kweli

Habari za wikendi wapendwa. Mi nafundisha Kiswahili sekondari, kidato cha kwanza na cha pili, na leo nataka niongelee kitu kinachoninyima raha miaka yote hii, yani watoto wetu hadithi wanasoma vizuri tu, ila ukiwapa maandishi ya taarifa, sijui makala ya gazeti, sijui karatasi ya maelezo ya dawa, mtu anasoma mpaka nukta ya mwisho na hatoki na kitu.

Na sisi walimu hatushtuki kwa sababu maswali ya ufahamu wanapata. Nikaamua kuwapima kivingine. Niliandika ubaoni sentensi ya maneno niliyoyabuni mwenyewe: "Mfurundu alimkanyusha mbwelu kandokando ya shenge." Nikauliza, nani alimkanyusha mbwelu? Mikono juu darasa zima, mfurundu madam! Wapi? Kandokando ya shenge! Na wangekuwa wawili? Binti mmoja wa nyuma akajibu hapo hapo, "Wafurundu walimkanyusha." Yote sahihi, ningekuwa nasahihisha ningeweka vema tupu. Afu nikauliza, je mbwelu aliumia? Kimya.

Ndo wanachofanya kwenye ufahamu kila siku. Wanachukua neno la kwenye swali, wanalisaka kwenye habari, wakilikuta wanakopi sentensi nzima. Na Kiswahili kinawarahisishia sana maana viambishi vinakuonyesha nani kafanya na nani kafanyiwa hata kama hujui kimefanyika nini, kwa hiyo mtoto aliyekulia kwenye lugha hii anaweza kupata majibu mengi bila kuelewa na wala mwalimu asijue. Siku hizi kila zoezi naweka angalau swali moja ambalo jibu lake halijaandikwa popote kwenye habari, lazima aunganishe vitu viwili mwenyewe.

Ila dawa kubwa niliyoiona ni hii, mtoto aingie kwenye maandishi akiwa na swali LAKE, sio langu. Muhula uliopita niliwaambia wanakili kwenye daftari meseji za LUKU za nyumbani kwao, zile zinazokuja ukishanunua umeme. Walidhani natania. Kijana mmoja akaja na mbili, tarehe 2 mama yake alinunua wa 10,000 akapata uniti 23.9, tarehe 20 hela ile ile 10,000 uniti 28.1. Nyumbani jibu lilikuwa moja tu, wanatuibia. Nikasema sawa, sote tusome meseji tujue hizo uniti 4.2 zimeenda wapi, na hapo ndo niliona darasa linasoma kweli, mtu anarudi nyuma, anabishana na mwenzake, anaweka kidole kwenye mstari. Wakakuta kwenye ile ya kwanza kuna 1,500 imekatwa, ni kodi ya jengo, inakatwa mara moja kwa mwezi. Kilichobaki ni 8,500, humo kulikuwa na makato yanayopigwa juu ya thamani ya umeme wenyewe, VAT asilimia 18, ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3, ya EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, ukishazitoa ndo unagawanya kwa 292 ambayo ilikuwa bei ya uniti kabla ya makato. Wakapiga hesabu ikatoka 23.9 ile ile wakashangilia kama goli. Meseji yenyewe ni vifupisho na namba tu, haina hata sentensi moja ya maana, lakini waliisoma kuliko walivyowahi kusoma kitabu changu.

Ujuzi huu wanauhitaji sana maana wengi wametoka msingi wakisoma kwa Kiswahili, wakifika kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Kusoma kichwa kidogo cha habari, jedwali, maelezo chini ya picha, kama hajafundishwa kwa lugha anayoielewa, kwenye kitabu cha Baiolojia atabaki kukariri tu.

Sasa kuandika. Tumewakaririsha utangulizi, kiini, hitimisho mpaka insha zote zinafanana, maji ni uhai, elimu ni ufunguo wa maisha. Binti mmoja aliniletea hii: "Vitumbua ni chakula kizuri sana kinachopendwa na watu wengi hapa nchini na duniani kote." Nikamuuliza, we duniani kote umefika? Hapana madam. Vitumbua umeviona wapi? Mama anauza. Basi nenda kakae naye jikoni, uhesabu, uulize, uandike ulichokiona kwa macho yako.

Alirudi baada ya siku nne na hii, naiweka kama ilivyo:

"Asubuhi mama analoweka mchele kilo mbili. Jioni naupeleka mashine. Usiku anachanganya na tui, sukari, iliki na hamira, anafunika mpaka uumuke. Saa kumi alfajiri anawasha jiko. Leo vimetoka 84, kimoja ni shilingi 200. Vilivyobaki sita tumenywea chai."

Jamani niliisoma mara tatu. Hakuna neno gumu hata moja, na huwezi kuitunga kama hukuwepo. Nilichomrudishia ni swali moja tu: mkaa je? Maana alikuwa ameorodhesha mchele, tui na sukari, mkaa hakuweka. Akaenda kuuliza, kumbe hata mama yake hajawahi kuuweka kwenye hesabu, wakakaa wote wawili usiku wanahesabu upya faida.

Kesho yake akanifuata ofisini, anaongea kwa sauti ndogo. Mama amemwambia pia kwamba mtaji wa sasa ni wa mkopo, na kiasi anachodaiwa. "Madam, ni kweli, nimeuliza mwenyewe. Niandike au nisiandike?" Tukaongea karibu kipindi kizima, kwamba kuna kweli za kwako na kuna kweli za mtu aliyekuamini akakuambia, na hizo unamwomba ruhusa kwanza. Akaenda kuomba. Mama akasema mkopo uandike, kiasi usiandike, na ndivyo insha ilivyobandikwa ukutani.