Seli Zinapokokotoa: Ugumu wa Tatizo Huhamia Wapi?

Mtu akiambiwa kwamba upo mfumo wa kukokotoa ulioigwa kutoka kwa seli hai, na kwamba mfumo huo hutatua kwa hatua chache matatizo ambayo kompyuta za kawaida zingeyahangaikia kwa karne nyingi, ana haki ya kuuliza ugumu ule umekwenda wapi. Swali hilo ni la nadharia ya uchangamano wa ukokotoaji, ambayo haipimi kasi ya mashine hii au ile, bali hupima jinsi muda na nafasi vinavyoongezeka kadiri tatizo linavyokua.

Mfumo tunaouzungumzia ulibuniwa mwaka 1998 na mwanahisabati wa Romania, Gheorghe Păun. Ndani yake mna tando, yaani ngozi nyembamba zinazotenganisha ndani na nje, zilizopangwa moja ndani ya nyingine, kama kiini kilivyo ndani ya seli. Kila utando una vitu vyake, vinavyoandikwa kwa herufi, na kanuni zinazoeleza kitu kipi kigeuke kuwa kipi na kipi kivuke utando. Katika kila hatua tando zote hufanya kazi kwa pamoja, bila mmoja kumsubiri mwenzake.

Tuchukue fomula ya mantiki yenye vigeu vingi, ambavyo kila kimoja kinaweza kuwa kweli au uongo, na tuulize kama upo mpango wa thamani unaoifanya fomula nzima kuwa kweli. Stephen Cook alithibitisha mwaka 1971 kwamba kila tatizo ambalo jibu lake likishatolewa huhakikiwa haraka linaweza kugeuzwa kuwa tatizo hili moja. Katika mfumo wa Păun, kila utando hugawanyika kuwa tando mbili kwa kila kigeu: nakala moja hubeba kweli, nyingine hubeba uongo. Vigeu 10 huzaa tando 1,024, na vigeu 30 huzaa zaidi ya bilioni 1. Kisha zote hujikagua kwa wakati mmoja, na utando wowote uliofaulu hutoa ishara nje. Idadi ya hatua huongezeka polepole tu, kulingana na urefu wa fomula.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe kushangilia. Tuseme kila utando ungekuwa bakteria halisi mwenye uzito wa takriban gramu moja kugawa kwa trilioni, anayegawanyika kila baada ya dakika 20. Fomula yenye vigeu 100 ingehitaji migawanyiko 100, yaani saa 33 na dakika chache, muda ambao si mrefu hata kidogo. Lakini bakteria hao wangekuwa na uzito wa zaidi ya tani trilioni 1. Ugumu haukutoweka, umetoka kwenye muda ukahamia kwenye nafasi. Leonard Adleman alipotumia molekuli halisi za DNA mwaka 1994 kutafuta njia inayopita mara moja katika kila kituo cha mtandao, mtandao wake ulikuwa na vituo 7. Mwaka uliofuata Juris Hartmanis alipiga hesabu akaonyesha kwamba, kwa mbinu hiyohiyo, vituo 200 vingehitaji DNA yenye uzito unaozidi wa dunia.

Je, nadharia hii basi haina faida? Kwangu mimi faida yake kubwa iko katika kutuonyesha ni sifa ipi hasa inayoleta nguvu. Mwaka 2000 Zandron, Ferretti na Mauri walithibitisha kwamba tando zisipogawanyika, kompyuta ya kawaida inaweza kuuiga mfumo mzima bila muda kulipuka. Tando zikigawanyika na kubeba chaji za umeme, chanya, hasi au sifuri, mfumo hufikia matatizo yote yanayotatulika kwa nafasi ya polinomia, yaani nafasi inayoongezeka kama kipeo kisichobadilika cha ukubwa wa tatizo, kwa mfano mraba au mchemraba wake, bila kulipuka. Chaji zikiondolewa, na utando ukikatazwa kuyeyuka na kumwaga vitu vyake katika utando unaouzunguka, nguvu hiyo hutoweka hata kama mgawanyiko umeruhusiwa.

Lipo sharti moja ambalo wengi hulipuuza: mfumo lazima ujengwe na mashine ya kawaida kwa muda wa polinomia. Bila sharti hilo, mjenzi angeweza kuficha jibu ndani ya muundo wa tando, kisha akadai kwamba seli ndizo zilizolitafuta.

Kutokana na matokeo ya mwaka 2000, swali kuu la fani yetu, kama kila kinachohakikiwa haraka kinaweza pia kutatuliwa haraka, linaweza kuulizwa kwa lugha ya seli: je, tando zisizogawanyika kamwe zinaweza kuikagua fomula ya Cook kwa hatua chache? Anayeweza kuthibitisha kwamba haziwezi atakuwa amelijibu swali lenyewe.