Je, Wajua Kwa Nini Utafiti wa Likizo Hukikuta Kijiji Kimeshiba?

Kila mwaka vyuo vikuu vya Dodoma vikifunga, kuanzia Julai, wanafunzi wa saikolojia, sosholojia na maendeleo ya jamii hutawanyika vijijini na madodoso yao. Wengine wako fildi, wengine wanakusanya data za ripoti ya mwaka wa mwisho. Utawakuta Chamwino, Bahi, Kongwa, hadi Kondoa. Wanauliza habari za lishe, msongo wa mawazo, ugomvi wa ndani ya nyumba, ushirikiano wa majirani. Maswali ni mazito, na mara nyingi majibu wanayorudi nayo ni mepesi.

Sababu iko kwenye kalenda. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima hunyesha kama milimita 570. Uwele, mtama, karanga na alizeti vyote hutegemea mvua hiyo hiyo. Mavuno huanza Mei, na Julai ikifika nafaka iko ghalani. Njaa ikiwepo hubisha hodi kati ya Januari na Machi: ghala limebaki vumbi, shamba bado ni la kijani, na palizi inadai nguvu ambazo chakula chake hakipo. Miezi hiyo mwanafunzi yuko darasani.

Wenzao wa Marekani hawajanusurika. Kule likizo ndefu ya majira ya joto huangukia Juni hadi Agosti, na ndipo wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza huingizwa kwenye utafiti wa maprofesa wao. Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo umegharamia mpango wa namna hiyo tangu 1987, sayansi za jamii zikiwemo. Anayeletwa Tanzania kwa kazi hiyo naye hushukia kiangazi kilekile.

Sasa tazama linavyotokea. Mtafiti anaingia uani, anaamkia "shikamoo mama", anaongeza "mbukwa" ya Kigogo ili apendwe. Mama ameketi kando ya turubai lililoanikwa karanga, anapukuchua huku anaongea. Swali la kwanza: "Katika siku 7 zilizopita, mlilazimika kupunguza chakula mara ngapi?" Mama anacheka. Hata mara moja. La pili: "Mnatembeleana na ndugu?" Sana, jana tu wametoka kwenye sherehe ya jando, na wiki ijayo kuna harusi. Hajadanganya hata neno. Sherehe huwekwa kiangazi kwa sababu ndipo kuna chakula cha kulisha wageni na pombe ya kuwaburudisha. Ila dodoso halina pa kuandika hayo, kwa hiyo linarekodi kwamba kaya hii haina upungufu na ina mtandao imara wa kijamii. Hata dodoso la maswali 9 la kupima sonona, linalotumika nchi nyingi duniani, huulizia wiki 2 zilizopita tu.

Robert Chambers, Mwingereza aliyetafiti sana maisha ya vijijini, aliliandika jambo hili mwaka 1983: wageni hufika vijijini kiangazi, barabara zikipitika, na hawaoni kijiji kikiwa kwenye dhiki yake. Aliongeza kwamba hawapendi kuiacha lami. Kwa Dodoma hilo la pili halihitaji ushahidi; hesabu tu vijiji vinavyotajwa kwenye ripoti za wanafunzi na uone vingapi viko kandokando ya barabara kuu.

Msimu haubadilishi tumbo peke yake. Mwaka 2013 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India. Mkulima yuleyule alipimwa kabla ya mavuno, akiwa amebanwa na madeni, na baada ya mavuno, pesa ikiwa mkononi. Walipewa mafumbo ya michoro na majaribio ya kuzuia jibu la haraka. Baada ya mavuno walifanya vizuri zaidi. Ili mtu asiseme ni mazoea, wakulima 100 waliwekwa kando na kupimwa kwa mara ya kwanza baada ya mavuno. Maelezo ya watafiti ni kwamba wasiwasi wa pesa hula nafasi ya akili. Anayepima kumbukumbu au umakini huko Bahi mwezi Agosti, basi, anapima watu katika miezi yao mizuri.

Kiangazi si kibaya kwa kila kazi, lakini. Sensa ya 2012 na ya 2022 zote zilifanyika Agosti, na kwa kuhesabu watu ni busara tupu. Ila Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilipotaka kujua kaya zinatumiaje fedha, utafiti wa 2017/18 ulisambazwa kwenye miezi 12, Desemba hadi Novemba.

Mwanafunzi hana miezi 12. Ana wiki chache, na sehemu yake huliwa na barua: chuo, mkoa, wilaya, kata, mtendaji wa kijiji. Anachoweza ni kuacha kuuliza wiki iliyopita peke yake. Chora miezi 12 kwenye udongo, mpe mama punje za mahindi, mwombe aweke nyingi pale chakula kinapokuwa tabu. Wanawake watatu wakiifanya pamoja watabishana, na kwenye ubishi huo ndimo data nzuri ilimo. Njia nyingine ni kupiga simu Januari kwa waliohojiwa Agosti. Vocha si ghali. Tatizo ni kwamba kaya uliyokuwa ukiitafuta hasa ndiyo isiyo na simu, na ukiomba ya balozi wa nyumba kumi, balozi atakaa hapo hapo kusikiliza.