Mandhari ya tovuti yako, kabla hujabonyeza kuhuisha

Kila inapokaribia Nane Nane, dawati letu la TEHAMA hapa Dodoma hupokea malalamiko ya aina moja. Mjasiriamali anajiandaa kwenda viwanja vya Nzuguni, anataka tovuti yake ipendeze, anaingia kwenye dashibodi na kukuta tangazo kwamba mandhari (theme, yaani mafaili yanayoipa tovuti mwonekano wake) ina toleo jipya. Anabonyeza. Dakika moja baadaye rangi zimebadilika, nembo haipo, au skrini imebaki nyeupe tupu. Malalamiko hayo yameongezeka, na ndiyo sababu ya makala haya.

Yanawahusu wenye tovuti zinazoendeshwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea na kusimamia tovuti: shule binafsi, saccos, vyama vya msingi vya wakulima, nyumba za wageni, wasindikaji wa alizeti na mvinyo. Tovuti za taasisi za umma zenye kikoa cha go.tz zina utaratibu wake chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Mtumishi asibonyeze chochote huko kabla kitengo chake cha TEHAMA hakijaidhinisha.

Mwaka jana alikuja dawatini mama mmoja anayeuza mvinyo wa zabibu za Hombolo, kompyuta mpakato ameifunga kwenye kanga. "Mwanangu, namba yangu imeondoka," akasema. Chini ya kila ukurasa wa tovuti yake palikuwa na kitufe cha WhatsApp. Sasa palikuwa na maneno ya Kiingereza ya watengenezaji wa mandhari. Tulifungua pamoja folda ya mandhari kwenye seva. Faili linalotengeneza sehemu ya chini ya ukurasa lilionyesha saa mbili na dakika kumi usiku wa jana yake, muda uleule aliobonyeza. Fundi wake alikuwa ameandika namba ile ndani ya faili hilo miaka miwili nyuma. Toleo jipya lilipokuja, folda yote ilifutwa na kuwekwa nyingine, na namba ikaenda nayo.

Kwa hiyo toleo jipya halikukosea, lilifanya kazi yake. Kosa lilifanyika siku fundi alipoandika ndani ya mandhari mama, yaani ile iliyotoka kwa watengenezaji. Mabadiliko ya msimbo yanapaswa kukaa kwenye mandhari mtoto, yaani folda ndogo ya pembeni yenye faili la style.css ambalo ndani yake kuna mstari wa Template unaotaja folda ya mama. Mama akihuishwa, mtoto haguswi. Yale uliyopanga mwenyewe kupitia dashibodi, kama rangi, nembo na menyu, yako kwenye kanzidata (database), na kwa kawaida hayapotei kwa kuhuisha. Ila ukihamia mandhari mtoto kwa mara ya kwanza, tegemea kupanga upya nembo na menyu, kwa sababu mipangilio hiyo huhifadhiwa kwa jina la mandhari. Wengi hudhani wamevamiwa wakati ni hilo tu.

Muulize fundi wako swali moja kabla ya kumlipa: mabadiliko yangu umeyaweka kwenye mandhari mtoto? Akisita, mwambie afungue folda akuonyeshe.

Wapo mafundi wanaowaambia wateja wasihuishe kamwe. Ushauri huo ni mbaya na umetuletea kazi nyingi kuliko kitufe chenyewe. Toleo jipya mara nyingi huziba tundu la usalama, na likishatangazwa, wavamizi nao husoma tangazo hilohilo. Tafadhali tuachane na hoja kwamba tovuti ndogo ya Manyoni au Kongwa haina cha kuibiwa. Hakuna mtu anayekaa kuchagua tovuti yako; ni programu zinazojaribu milango ya tovuti zote, na ukifunguka mmoja, seva yako inatumika kutuma barua pepe za utapeli au kuficha kurasa za kamari. Nimelijibu hili mara nyingi, na nitaendelea kulijibu.

Kibaya zaidi ni mandhari ya kulipia inayogawiwa bure kwenye magrupu. Anayeivunja leseni hujilipa kwa kupachika humo mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia tovuti. Hata watengenezaji halali huvamiwa: mwaka 2021 iligundulika kwamba mandhari 40 na plagini (programu ndogo za nyongeza) 53 za AccessPress, zilizopakuliwa kutoka tovuti ya kampuni hiyo, zilikuwa zimewekewa mlango wa namna hiyo. Nakala zilizokuwa kwenye hazina rasmi ya WordPress hazikuguswa. Na kubadilisha mandhari peke yake hakukutosha, maana mlango ulikuwa umeshajichimbia kwenye mafaili ya WordPress yenyewe. Ilibidi nayo yawekwe upya.

Sasa nakala rudufu. Mtu anakuja na folda kwenye flashi, anasema bakapu anayo. Tunafungua, ni picha na mafaili ya mandhari. Makala, kurasa, bei na oda za wateja viko kwenye kanzidata, nayo haimo. Nakala kamili ni mafaili pamoja na kanzidata, imetunzwa nje ya seva ya tovuti, na imeshajaribiwa kurejeshwa angalau mara moja. Kampuni inayohifadhi tovuti yako ikikwambia inachukua nakala kila siku, waombe wakurejeshee moja kwenye folda ya majaribio uione kwa macho.

Folda hiyo ya majaribio ndiyo mahali pa kuhuishia kwanza, na hapa sheria inaingia. Ukinakili tovuti ya shule, umenakili pia majina ya wazazi, namba za simu na fomu za maombi. Kuweka alama ya kuzuia injini za utafutaji si kufunga mlango. Nakala iwekewe nywila, taarifa za watu ziondolewe inapowezekana, na ifutwe kazi ikiisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Kampuni au taasisi inayofichua taarifa binafsi kinyume cha sheria hiyo inakabiliwa na faini ya kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Mtu binafsi ni kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote pamoja. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ina uwezo wa kutoza faini ya kiutawala isiyozidi shilingi milioni 100. Fundi uliyemwondoa akiendelea kuingia bila ruhusa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inataja faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida aliyoipata, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Mfutie akaunti siku hiyohiyo anayoondoka.

Kwenye nakala ya majaribio, soma maelezo ya toleo, hasa toleo linalohitajika la PHP, lugha ya programu inayoendesha WordPress kwenye seva, kisha huisha na ukague kwa simu ya kawaida, maana wateja wako wengi wako huko. Jaza fomu mwenyewe uone kama ujumbe unafika. Futa kache, yaani nakala za muda za kurasa, usije ukaona mwonekano wa zamani. Ikikaa sawa, rudia kwenye tovuti halisi usiku au asubuhi mapema, si Ijumaa jioni fundi akiwa safarini Singida.

Skrini ikiwa nyeupe, usibonyeze ovyo. Tangu toleo 5.2 la mwaka 2019, WordPress ikigundua hitilafu kubwa hutuma kiungo cha uokoaji kwa barua pepe ya msimamizi. Tatizo tunalolikuta ni kwamba barua pepe hiyo ni ya fundi aliyehama mji. Ibadilishe leo. Kiungo kisipofika, ingia kwenye seva, badilisha jina la folda ya mandhari, kisha fungua ukurasa wa mandhari kwenye dashibodi; WordPress itahamia mandhari yake ya msingi, mradi hukuifuta kwa kudhani inajaza nafasi.

Yule mama tulimrejeshea kitufe chake mchana uleule, safari hii kwenye mandhari mtoto, na barua pepe ya msimamizi ikawa yake. Wanaokuja dawatini waje na jina na toleo la mandhari, jina la kampuni inayohifadhi tovuti, na nakala rudufu kama ipo. Nywila hatuulizi kwa simu wala hatuipokei kwa ujumbe. Utaiandika mwenyewe, kompyuta ikiwa mbele yako.