Je, wajua kwa nini geko mgeni, yaani mjusi wa kufugwa aliyeletwa juzi nyumbani, hukataa kula?

Umemwekea nyenje watano wanono. Siku ya tatu nyenje bado wanatembea, na mwenye nyumba hajatoa hata pua. Wengi hukimbilia kubadilisha chakula, nao wanakosea. Geko aliyehamishwa juzi mara nyingi hachagui chakula wala haumwi. Ana baridi au ana hofu, na pengine vyote viwili.

Tumzungumzie geko chui, yule wa manjano mwenye madoa meusi anayefugwa sana Ulaya na Marekani. Asili yake ni nyika kavu za mawe za Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi ya India. Si ndugu wa karibu wa mjusi kafiri tunayemwona ukutani: huyu ana kope na hufumba macho, na vidole vyake havinati, kwa hiyo maisha yake ni ya chini, kwenye mashimo na nyufa za mawe.

Mjusi hana moto wake wa ndani. Joto la kumeng'enya chakula hulipata nje, na mwili ukiwa baridi, mdudu aliyemezwa hukaa tumboni mpaka aharibike au atapikwe. Ndiyo maana hamu hukatika. Katika sanduku la kioo anamofugwa, sehemu ya sakafu yenye joto iwe nyuzi 32 hadi 34 za Selsiasi, upande wa pili 22 hadi 25. Usiku ikishuka mpaka 20 si neno. Kipimajoto cha kubandika kwenye kioo kitakudanganya, kwa sababu kinapima kioo na hewa, si pale anapolalia tumbo. Tumia chenye waya, ncha yake ikae juu ya sakafu, ndani ya ficho la upande wa joto. Taa au mkeka wa joto uunganishwe na thamostati, kifaa cha kudhibiti joto. Yale mawe ya kuuzwa yenye umeme ndani achana nayo: hupata moto sehemu moja kuliko nyingine na humuunguza tumbo.

Sasa tuje kwenye kosa linalowaponza wengi: ficho moja tu, tena upande wa baridi. Hapo geko hulazimika kuchagua kati ya joto na usalama, naye atachagua usalama kila siku. Atakaa baridini, hatasikia njaa, nawe utadhani ni mgonjwa. Mpe maficho matatu: la upande wa joto, la upande wa baridi, na la kati lenye karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, la kumsaidia kuvua ngozi. Kila ficho liwe dogo kiasi cha mgongo wake kukaribia kugusa paa. Pango kubwa halimtulizi. Sakafuni tandika karatasi za jikoni, si mchanga. Hawezi kumeza karatasi pamoja na nyenje, nawe utakiona kinyesi vizuri.

Siku ya kwanza mweke, mpe maji kwenye kisahani kifupi, ondoka. Usimshike mpaka awe anakula bila kusita, jambo linaloweza kuchukua wiki moja au mbili. Jaribu chakula jioni ya tatu, taa zikiwa zimepunguzwa, maana yeye huwinda jua linapozama. Wadudu wawili au watatu wanatosha, na unene wa kila mmoja usizidi nafasi iliyo kati ya macho ya geko. Wawe wamelishwa vizuri siku moja kabla, kisha wapakwe unga wa kalsiamu wenye vitamini D3. Bila huo mifupa hulainika baada ya miezi. Mende wa jikoni kwako usimpe, huenda walishapuliziwa dawa.

Geko huona kinachotembea. Mdudu aliyetulia ni sawa na kokoto, hivyo mtikise polepole kwa kibano mbele ya mlango wa ficho. Baada ya nusu saa waondoe nyenje waliobaki, kwani usiku humtafuna geko aliyelala. Akikataa, ruka usiku mmoja, pima joto upya, ndipo ujaribu tena. Kumpelekea chakula kila saa kunamzidishia hofu. Muulize pia muuzaji alikuwa akimlisha nini: aliyekulia kwenye mabuu ya mbawakawa wa unga huenda asimtambue nyenje kama chakula. Na ukiona rangi imefifia kama aliyemwagiwa maziwa, anakaribia kuvua ngozi. Atafunga siku moja au mbili, halafu ataila ngozi yake mwenyewe.

Mkia ndio ghala lake la mafuta, usimkamate hapo asije akauacha mkononi mwako. Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu, ndani ya kikopo. Geko aliyekomaa mwenye mkia mnene anaweza kukaa wiki mbili bila kula na asidhurike. Geko mtoto akifikisha wiki moja bila kula ni hatari. Uzito ukishuka kwa sehemu moja ya kumi, mkia ukikonda, au kinyesi kikiwa majimaji yenye harufu kali, usimfungue kinywa kwa nguvu. Mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia, pamoja na kinyesi kibichi kwenye kikopo kilichofungwa, apime vimelea.