Maji ya moto au ya baridi? Maswali kuhusu ORS, dawa za unga na maji ya kunywa

Kwa nini sukari huyeyuka upesi kwenye maji ya moto?
Maji ya moto hayatulii: chembe zake hugongagonga punje za sukari na kuzibandua haraka. Tena hubeba nyingi zaidi. Mililita 100 za maji ya nyuzi 20 huyeyusha takriban gramu 200 za sukari. Yakifika kuchemka, zaidi ya 480. Chumvi ya mezani haijali sana joto: gramu 36 hivi, na 39 tu kwenye maji yanayochemka.

Basi ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kumrudishia maji anayeharisha, niikoroge kwa maji ya moto?
Hakuna haja. Pakiti ya lita moja ina gramu 20.5 tu: glukosi 13.5, sitreti ya sodiamu 2.9, chumvi ya mezani 2.6 na kloridi ya potasiamu 1.5. Maji yaliyopoa huziyeyusha zote bila shida. Chemsha maji, yafunike yapoe, ndipo upime lita moja kamili. Mimina pakiti yote, koroga mpaka usione punje hata moja chini ya jagi. Punje zikibaki, kikombe cha kwanza kitakuwa hafifu na cha mwisho kikali.

Usichemshe ORS iliyokwisha kuchanganywa. Mvuke huondoka, chumvi hubaki, na mchanganyiko mkali humzidishia mtoto anayeharisha upungufu wa maji. Hatari ni ileile ukimwaga pakiti nzima kwenye glasi moja. Iliyobaki baada ya saa 24, mwaga, utengeneze nyingine.

Na antibiotiki ya unga ya mtoto?
Hapa maji ya moto ni kosa kubwa, kwani joto laweza kuiharibu dawa. Tumia yaliyochemshwa yakapoa. Tikisa chupa unga uachane, tia maji kiasi, tikisa tena, subiri povu litulie, kisha jaza hadi alama. Nyingi ya dawa hizi haziyeyuki kabisa. Chembe zake huelea, halafu hutuama. Ndiyo maana chupa hutikiswa kabla ya kila dozi, si siku ya kwanza tu.

Kuchemsha huondoa chumvi na madini?
Hapana. Kuchemsha huua vijidudu. Floraidi, naitreti na madini ya risasi hubaki palepale, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo zinavyokolea. Ukoko mweupe kwenye birika ni chokaa iliyojitenga na maji kwa sababu ya joto, haudhuru afya. Kwenye nyumba zenye mabomba ya zamani ya risasi, maji ya moto ya bomba huyeyusha risasi zaidi, kwa hiyo ya kunywa na ya kupikia yakingwe kwenye bomba la baridi, kisha yapashwe.

Mbona maji yaliyochemshwa hupooza ladha?
Ni kwa sababu hewa iliyomo majini imetoka. Gesi huenda kinyume na sukari: joto huzifukuza. Lita ya maji ya nyuzi 0 hushika miligramu 14.6 za oksijeni. Ya nyuzi 30, miligramu 7.6. Yakishapoa, yamimine mara kadhaa kati ya vyombo viwili safi, hewa itaingia tena na ladha itarudi.