Vipindi 20 si saa 20

Wiki iliyopita mzazi mmoja alinipigia simu akaniambia maneno ninayoyasikia kila muhula tangu nianze kuwa mshauri wa masomo: "Mwalimu, nimeiona ratiba ya kijana. Vipindi 20 tu kwa wiki! Muda wote uliobaki anafanya nini? Si atafute kazi?" Nilimjibu kwa heshima, ni mtu mzima na ndiye anayelipa ada. Lakini nilipokata simu nilikuwa na hasira, na sikumkasirikia yeye peke yake. Wanafunzi wenyewe wanaamini hivyo. Waajiri wanaamini hivyo. Hata baadhi ya wahadhiri wenzangu.

Vipindi 20 si saa 20. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na hapo zimo zote: mhadhara, semina, maabara, maktaba, asaimenti na kujisomea kwa ajili ya mtihani. Mwaka wa shahada una krediti 120, yaani saa 1,200. Muhula ni 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mfanyakazi kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Maana yake mwanafunzi anayesoma sawasawa tayari yuko kazini, ila halipwi.

Nikishafika hapo hunijia mtu na hesabu yake. Wiki ina saa 168. Toa 49 za kulala, toa 40 za masomo, toa 12 za njiani, zinabaki 67. Kazi ya saa 25 inaenea na nyingine zinabaki! Basi tatizo ni uvivu, au hajui kupangilia muda.

Hili la kupangilia muda ndilo linaloniudhi kuliko yote. Saa 40 ni wastani, na wastani hauishi na mtu. Wiki ya kwanza ya muhula mwanafunzi anaweza kumaliza kila kitu kwa saa 15. Wiki ya saba na ya nane testi zinaangukiana, asaimenti mbili zinadaiwa siku moja, kundi la semina linataka kukutana, na hapo saa 60 hazitoshi. Zamu ya kazini haijui wiki ya saba. Inataka saa zilezile wiki ya kwanza, ya saba na ya kumi na tano. Huwezi kuchukua saa zilizokuwa wazi mwanzoni mwa muhula ukazihamishia kwenye testi. Kitabu unaweza kuanza kukisoma mapema, sawa, lakini testi ya mada ambayo bado haijafundishwa utaisomea lini?

Muhula uliopita binti wa mwaka wa pili alikuja ofisini ana kazwi, yaani alama za testi na asaimenti za muhula, ya 13 kati ya 40 kwenye somo moja. Alikuwa akishika kibanda cha uwakala wa fedha za simu pale Mwenge, saa 9 alasiri hadi saa 2 usiku, siku tano. Nikampa karatasi, nikamwambia aandike wiki yake nzima, saa kwa saa. Aliandika kimya kwa muda mrefu. Zile saa 25 alizoniambia zilikuwa zimefika 31 kwenye karatasi, kwa sababu kufunga kibanda si kufunga mlango. Lazima floti, yaani salio la kwenye simu ya uwakala, na keshi vilingane na hesabu. Siku moja ilipungua 7,000, akahesabu upya mara tatu chini ya taa ya simu, mwisho akailipa mfukoni mwake. Hosteli Mabibo alifika saa 4 usiku. Kesho yake alikuwa na kipindi saa 1 asubuhi.

Na testi iliyomwangusha hakuifanya kabisa. Iliwekwa Ijumaa saa 11 jioni, kwa kuwa ndio muda ambao ukumbi mkubwa ulikuwa wazi, na bosi alimwambia akiondoka asirudi. Alibaki kibandani.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza kuhusu kazi, simuulizi kwanza inalipa kiasi gani. Namuuliza: zamu yako unaweza kubadilishana na mwenzako? Nani ana neno la mwisho? Kazi ya 150,000 kwa mwezi ambayo mwenye nayo anakuachia wiki ya testi ni bora kuliko ya 250,000 ambayo haina huruma. Ndiyo maana tuisheni za jirani, kazi za steshenari ya karibu na chuo, na kuchapa kazi za watu huwasumbua kidogo kuliko kaunta yenye zamu ya lazima. Mpe bosi tarehe za testi mara tu zinapotoka, kwa maandishi. Usimwambie usiku wa kuamkia.

Kazi za kundi nazo zisisahauliwe. Wenzako wanakutana saa 1 usiku, wewe uko kazini, mara ya tatu jina lako halimo kwenye ripoti. Hawajakuonea.

Mambo mengine kwa haraka. Ukifanya kazi baada ya saa 2 usiku, sheria ileile inakupa nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, idai. Fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo, ikifika utapotea kazini wiki kadhaa, zungumzeni mapema. Ukiona muhula umekushinda, omba kuahirisha kwa barua kabla ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, usitoweke tu. Na kama una ajira ya kutwa usiyoweza kuiacha, Chuo Kikuu Huria kipo kwa ajili hiyo tangu miaka ya 1990, wala si aibu.

Wanaonitajia Ulaya, kwamba wanafunzi wa huko wanapiga kazi saa 20 na wanafaulu: kwa mwanafunzi wa kigeni wa shahada Uingereza, saa 20 kwa wiki wakati wa muhula ni kikomo cha viza. Kikomo hakimaanishi kwamba ndicho kipimo kinachomfaa kila mtu.

Mimi mwenyewe huwa nawaambia wasizidi saa 15, na ushauri huo siupendi sana. Nimemwona wa saa 25 akitoka na GPA ya 4.1 kati ya 5, na wa saa 8 akiwa na sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia. Nimewahi kukosea vibaya zaidi. Miaka michache iliyopita nilimshauri kijana mmoja aache kazi ili aokoe masomo. Akaniamini, akaacha. Hakuwa na mkopo, bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, la wenzake likiingia yeye anatazama tu. Sikuwa nimemuuliza. Muhula ule alikuwa akila mlo mmoja kwa siku, na matokeo yake yalishuka kuliko alipokuwa anafanya kazi. Nilimwondolea saa 20 za kazi nikamwondolea na chakula. Tangu hapo, mwanafunzi akikaa kwenye kile kiti, kabla ya ratiba na kabla ya kazwi, namuuliza leo amekula nini.

Mzazi yule nitampigia tena Jumatatu. Nataka aje na kijana wake, na kijana aje na wiki yake aliyoiandika mwenyewe, saa kwa saa, pamoja na zile za kwenye daladala.