5 Septemba: tarehe ni sahihi, mengine yamepinda

Kila mwaka ikifika asubuhi ya tarehe 5 Septemba, simu huanza kulia: "Siku kama ya leo..." Mwanamuziki mwenye masharubu, mtawa mwenye kitambaa cheupe chenye milia ya buluu, bondia kijana mwenye medali shingoni. Kuna kipindi nilikuwa nikiandaa kipande cha aina hiyo redioni, dakika mbili kabla ya taarifa ya habari, na sitajitoa lawamani: baadhi ya makosa nitakayoyataja niliyasoma mwenyewe hewani, kwa sauti ya kujiamini. Tarehe huwa sahihi. Kinachopinda ni kile kinachotundikwa juu yake.

"Freddie Mercury ni Mtanzania aliyezaliwa katika ile nyumba ya Shangani"

Tuanze na huyu, mwimbaji wa bendi ya Queen, kwa sababu ni wetu, na kwa sababu ndiye anayepotoshwa zaidi.

Alizaliwa Unguja siku ya Alhamisi, 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Tanzania ilikuwa bado miaka 17 na ushei izaliwe, maana Muungano ni wa tarehe 26 Aprili 1964. Zanzibar ya wakati huo ilikuwa nchi ya Sultani, Sayyid Khalifa bin Harub, chini ya himaya ya Uingereza. Kwa hesabu ya Waswahili mwezi ulikuwa Mfunguo Mosi, wiki moja hivi baada ya Idi. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya Waingereza. Kwa hiyo anayesema "alizaliwa Tanzania" ameitanguliza nchi kabla ya wakati wake, na anayesema "alizaliwa Uingereza", kama nilivyowahi kusema mimi, ameiruka bahari nzima.

Kuhusu nyumba: lipo jengo katika barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, ambalo watalii hupigia picha mlangoni, na tangu 2019 lina makumbusho yake. Ni kumbukumbu nzuri, ila mtoto mwenyewe alizaliwa katika hospitali ya serikali, kama watoto wengine wa watumishi.

Halafu lile swali la asili. Kwetu kila mwenye asili ya Bara Hindi ni "Mhindi" na mambo yamekwisha. Wengine, wakisikia neno "Bismillah" katika ule wimbo mrefu wa Queen wa mwaka 1975, huamua kwamba alikuwa Mwislamu wa Unguja. Wengine tena wanasema ni Mwajemi kutoka Iran. Ukweli ni kwamba wazazi wake walikuwa Waparsi wa Gujarat. Mababu wa Waparsi walitoka Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita wakiwa na dini yao ya Zarathustra, wakatia nanga Gujarat na kuchukua lugha ya Kigujarati. Hata jina la ukoo lina mji ndani yake: Bulsar, siku hizi Valsad. Kwa hiyo si Mwajemi wa juzi, si Mbaniani, wala si Mwislamu.

Na Mapinduzi? Simulizi maarufu linamfanya mtoto mdogo aliyebebwa mgongoni usiku wa Januari 1964. Mtoto huyo alishaondoka zamani. Alipofika umri wa miaka minane hivi wazazi walimpeleka shule ya bweni huko Panchgani, India, na huko ndiko alikojifunza piano, akaanza kuitwa Freddie, akaunda bendi na wenzake. Alirudi Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Feltham, magharibi ya London, naye akiwa kijana wa miaka 17. Queen ilianza 1970, na jina la Mercury alijipa karibu na wakati huo. Unguja ilimpata utotoni, na tena kwa muda mfupi katika ujana. Si haba, lakini sehemu kubwa ya shule yake ilikuwa India, jambo ambalo mabango yetu ya utalii hayana haraka ya kulisema.

"Siku hii mwaka 1960 Mobutu alimpindua Rais Lumumba"

Sentensi moja, makosa mawili. Patrice Lumumba hakuwa rais. Alikuwa waziri mkuu, na rais wa Kongo alikuwa Joseph Kasavubu. Usiku wa Jumatatu, 5 Septemba 1960, nchi ikiwa na uhuru wa miezi miwili tu, Kasavubu aliingia katika redio ya Léopoldville akatangaza kwamba amemwondoa waziri mkuu pamoja na mawaziri sita, na kwamba Joseph Iléo ataunda serikali mpya. Alijikwaa ulimi: badala ya kusema waziri mkuu, akamwita Lumumba "meya wa kwanza". Kasavubu mwenyewe alikuwa ametoka katika kazi ya umeya, pengine mazoea yalimponza.

Lumumba hakungoja asubuhi. Alikwenda redioni usiku huohuo akatangaza kwamba rais ndiye aliyeondoka. Nchi moja, redio moja, viongozi wawili kila mmoja amemfukuza mwenzake kabla watu hawajalala! Kasavubu alishika kifungu cha Sheria ya Msingi kilichompa rais uwezo huo. Lumumba alishika Bunge, na katika siku zilizofuata wabunge walizibatilisha hatua zote mbili, kisha maseneta wakamuunga mkono. Umoja wa Mataifa nao ukafunga redio na viwanja vya ndege.

Mobutu, kanali wa jeshi la Kongo, alijitokeza tarehe 14 Septemba, siku tisa baadaye, akidai anawapumzisha wanasiasa wote. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Tukiiruka ile ya tarehe 5 na kumrundikia Mobutu yote, Kasavubu anatoka mlango wa nyuma bila kuulizwa kitu. Dar es Salaam kuna Mtaa wa Lumumba, Unguja kuna Shule ya Lumumba. Wanaopita hapo kila siku wanalijua jina, lakini ukiwauliza alikuwa na cheo gani, wengi watakwambia "rais".

"Muhammad Ali alitwaa dhahabu ya uzito wa juu, kisha akaitupa mtoni"

Jumatatu ileile, Kasavubu akiwa Léopoldville, kijana wa miaka 18 kutoka Louisville, Kentucky, alikuwa ulingoni Roma, kwenye Olimpiki. Muhammad Ali hakuwepo bado: aliyepigana ni Cassius Clay, na jina lile jingine lilikuja 1964. Uzito haukuwa wa juu. Ulikuwa ule wa chini yake, usiozidi kilo 81, na aliyeshindwa ni Mpolandi Zbigniew Pietrzykowski.

Hadithi ya kuitupa medali katika mto Ohio baada ya kunyimwa huduma mgahawani kwa sababu ya rangi yake ilienea kupitia kitabu cha maisha yake kilichotoka 1975. Ubaguzi ulikuwa wa kweli, hilo halina ubishi. Lakini watu wake wa karibu walisema medali ilipotea tu, na baadaye habari ya mto ikakosa wa kuisimamia. Mwaka 1996, kwenye Olimpiki ya Atlanta, alipewa medali nyingine badala yake.

Kinachonifanya nizitaje habari hizi mbili pamoja ni kilichotokea baadaye. Tarehe 30 Oktoba 1974 Ali alipigana na George Foreman katika uwanja wa 20 Mei, Kinshasa. Kinshasa ndiyo Léopoldville ileile iliyobadilishwa jina, na mwenyeji wa pambano alikuwa Mobutu, ambaye jioni ile ya 1960 alikuwa bado kanali tu.

"Wanamichezo 11 wa Israeli waliuawa tarehe 5 Septemba 1972"

Shambulio la Olimpiki ya Munich, Ujerumani, lilianza alfajiri ya tarehe 5, siku ya Jumanne, watu wanane wa kundi la Kipalestina la Septemba Nyeusi walipoingia katika kijiji cha wanamichezo. Wawili, Moshe Weinberg na Yossef Romano, waliuawa hapohapo. Tisa waliosalia walikufa katika uwanja wa ndege za kijeshi wa Fürstenfeldbruck wakati polisi walipojaribu kuwaokoa, na saa sita ya usiku ilikuwa imeshapita. Kwa kalenda hiyo ni tarehe 6. Magazeti yetu yana neno linalofaa kabisa hapa, "usiku wa kuamkia Jumatano", ila katika jumbe za simu halitumiki. Polisi mmoja wa Ujerumani alikufa pia, na washambuliaji watano. Saa chache kabla ya ukweli kujulikana, dunia ilikuwa imetangaziwa kwamba mateka wote ni salama.

Wengi pia hudhani michezo ilivunjwa. Ilisimamishwa kwa saa 34, kisha ikaendelea. Mashabiki wa Afrika Mashariki walikuwa bado na furaha mpya: John Akii-Bua wa Uganda alishinda mita 400 za viunzi tarehe 2 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, na Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mbio za kuruka viunzi na maji tarehe 4. Asubuhi moja baadaye hakuna aliyewazungumzia.

Mengine nitayapitia mbio

Mama Teresa, yule mtawa wa kitambaa cheupe, hakufa siku moja na Diana wa Uingereza. Diana alifariki 31 Agosti 1997, Mama Teresa akafariki Kalkuta Ijumaa ya tarehe 5 Septemba, mkesha wa mazishi ya Diana. Wala hakuzaliwa India: alizaliwa Skopje mwaka 1910, Mwalbania, akachukua uraia wa India ukubwani. George Lazenby, wa 5 Septemba 1939, alimwigiza James Bond mara moja tu, na ni Mwaustralia. Mwigizaji Michael Keaton, wa mwaka 1951, jina lake la kuzaliwa ni Michael Douglas. Alilibadilisha kwa sababu katika chama cha waigizaji jina hilo lilikuwa limeshachukuliwa, kwa hiyo usishangae orodha zikiwachanganya.

Na ukimkuta mtu anayesema kuna aliyezaliwa London tarehe 5 Septemba 1752, mkatalie. Mwaka ule Waingereza walihamia kalenda mpya: walilala Jumatano tarehe 2, wakaamka Alhamisi tarehe 14. Tarehe 5 haikuwepo.

"Voyager 1 ndiyo iliyotangulia, na imebeba santuri ya dhahabu yenye salamu za Kiswahili"

Hii niliisoma redioni yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na yote ni kombo.

Voyager 1, chombo cha anga cha Marekani, ilirushwa 5 Septemba 1977, siku Freddie alipotimiza miaka 31. Voyager 2 ilikuwa imeshaondoka tangu 20 Agosti. Voyager 1 iliitwa ya kwanza kwa sababu njia yake ilikuwa fupi, na ingemfikia mwenzake na kumpita kabla ya sayari ya Mshtarii. Santuri yake ni ya shaba iliyopakwa dhahabu. Salamu zimo katika lugha 55, zikiwemo Kiganda, Kinyanja, Kisotho, hata Kisumeri ambacho hakina msemaji hai. Kiswahili hakimo. Kigujarati, lugha ya nyumbani kwa akina Bulsara, kimo.

Upande wa muziki, hakuna Queen wala Beatles. Upo wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti uliorekodiwa katika msitu wa Ituri, kaskazini mashariki ya Kongo, mahali ambapo ukienda sokoni leo utanunua mchele kwa Kiswahili. Chombo kiko umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa, na wasichana hao bado wamo ndani yake.